Mpanga Nafasi za Uzamivu

Mtakwimu wa chuo hugonga kila namba kwa ukucha wa kidole kidogo kabla ya kuiamini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Chai yake hupoa mezani, naye huinywa hivyo hivyo, macho yasibanduke kwenye kompyuta. Sauti yake ni ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na ndiyo aliyoitumia kumwambia mkuu wa idara ya historia kwamba programu yake ya uzamivu imeshika mkia kwenye orodha ya chuo ya kasi ya kumaliza, na inayoshika mkia hufungwa. "Wanafunzi wako wanachelewa kumaliza, mama."

"Wanachelewa, lakini wanamaliza! Hao wa kemia uliowaweka namba moja, si wamekimbia wote akabaki mmoja?"

"Huyo mmoja amemaliza haraka sana," alisema mtakwimu kwa heshima zote. "Ndiye wastani wao."

"Na waliokimbia umewaweka wapi?"

"Aliyekimbia hana mwaka wa kumaliza, mama. Nimwandikie nini?" Akapuliza vumbi kwenye kibodi, ingawa halikuwapo.

Mkuu wa idara alijitupa kitini. "Kwa hiyo nikiwatimua wangu wote, nikabakiza yule mmoja mwepesi, nimepona?"

Alidhani watacheka wote wawili. Mtakwimu alivuta kibodi, akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akageuka, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Unakuwa wa pili, mama. Ila uwatimue upesi, orodha inatoka Ijumaa."