Goti la Mama Zaina

Sauti ya shangazi yangu Fatouma ilitosha kufukuza mbwa, na mwaka 1986 ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikaa Kisangani kwenye fonia, redio ya kuitana ya kampuni moja ya kununua kahawa. Upande wa pili, Banalia, alikuwa kaka yake Amuri, aliyeleta malori ya kahawa mjini.

Redio haina mlango, mtu yeyote huingia. Kiangazi kile mwizi aliiga sauti ya patron, mwenye kampuni, akaagiza lori lipite njia ya msituni. Dereva Sefu alikutwa amekatwa koo. Fatouma alilia, akatukana, kisha akaweka kufuli lake: kila ujumbe uanze na habari ya goti la mama yao, Mama Zaina. Ujumbe usio na goti ni wa mwizi. Watu walicheka sana.

Asubuhi moja wakaingia askari watatu na luteni wao.

"Ita ndeko yako Amuri," luteni alisema. "Alete camion leo, apite njia ya msitu."

Fatouma akashika kipaza sauti. "Amuri, habari ya..."

Kitako cha bunduki kikamvunja meno mawili.

"Acha mambo ya salamu! Sema mbio!"

Ulimi hauna mfupa. Kwa mazoea tu, alikuwa karibu kutamka goti na kumuua kaka yake. Lile pigo ndilo lililomzindua, na mpaka leo Fatouma halisamehi wala hajui alishukuruje. Akatema damu, akasoma ujumbe mkavu kama alivyoamriwa.

"Bien reçu, nimesikia," Amuri akajibu. "Niko nakuya."

Walingoja njiani hadi alasiri. Lori halikuja. Wakarudi, wakamvunja vidole vya mkono wa kuume, kimoja kimoja, kwa mlango wa ofisi.

"Ulimuambia neno gani?"

"Hakuna neno!" alipiga kelele, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Amuri alivuka mto Aruwimi siku ileile, akajificha miezi saba. Mama Zaina hakuvumilia. Tulimzika bila mwanawe.

Luteni alipohamishwa, Fatouma alikuwa amerudi kazini, akishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Siku moja redio ikakoroma, sauti ikatoka.

"Fatouma, goti ya mama iko namna gani?"

Alikuwa yeye, bila shaka yoyote. Shangazi yangu, mwenye kelele zile, alinong'ona.

"Haiumi tena, Amuri."