Fidla Inayonuka Rubisi

Mvua imekatika, na Jovitus Kamugisha amesimama uani na msumeno mkononi, lakini hakati kitu. Gogo analotaka kulikata limekaliwa na mama yake, Bi Adelgunda, anayemenya mihogo bila haraka.

Gogo lenyewe ni mtumbwi wa kukamulia ndizi, ule ambao Wanyambo huuita obwato. Kwa miaka mingi familia hii ya Kiruruma, wilayani Karagwe, ilikanyagia humo ndizi za rubisi, pombe ya harusi na misiba yao. Sasa umekauka, na mwanawe anautaka wa kutengenezea fidla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umetumwa kuniinua, umepotea njia," anamjibu mwandishi wa makala haya, na kisu hakisimami.

Jovitus, seremala wa miaka hamsini na sita, hakufundishwa fidla na mtu. Akiwa kijana, wanakwaya kutoka Ndama walimletea moja iliyovunjika shingo. Akaifungua aone ndani kukoje.

"Kufungua niliweza, kufunga nikashindwa," anasema. "Ikabidi nitengeneze nyingine ya kuwalipa. Ililia kama mbuzi, wakaipokea kwa huruma tu."

Mbao mpya zilimpasukia kila masika. Siku moja aligonga mtumbwi wa jirani kwa kidole, ukaitikia vizuri. Gogo lililolowa na kukauka miaka nenda rudi halipasuki ovyo. Tangu hapo migongo ya fidla zake hutoka humo, akiikwangua kwa kipande cha chupa mpaka iwe nyembamba.

Kuosha alijifunza baadaye, kwa aibu. Usharika mmoja ulimrudishia fidla kwa sababu siku za mvua ilinuka rubisi katikati ya ibada. Siku hizi kila ubao huusugua kwa maji ya moto na majivu.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha, kama si namna alivyoipata mitumbwi hiyo. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia migombani, majani yakawa njano na ndizi zikaoza kabla ya kukomaa. Watu wakamletea wenyewe.

"Wengine hawakutaka hata senti. Walisema chukua, nisiuone tena," anasimulia. "Nimepata mbao nzuri kwa msiba wa watu." Hilo linamuuma, wala hafichi.

Mitumbwi mingine imeishia jikoni kuwa kuni. Umebaki huu. Kwaya moja ya Rubwera, wilayani Kyerwa, inataka fidla kabla ya Krismasi, na Jovitus hana mbao nyingine za kufaa.

"Nikiukosa, narudi kwenye milango na majeneza. Basi."

Bi Adelgunda naye ana lake. Nyuma ya nyumba amepanda machipukizi mapya ya migomba. "Yakizaa nitakamulia wapi? Kwenye fidla?" anauliza. Mama huyu aliyezaliwa migombani sasa hununua ndizi sokoni, na aibu hiyo hajaizoea.

Jovitus anamwita mwandishi nyuma ya nyumba na kushusha sauti. Mgomba mmoja umeanza kuwa wa njano. Anachanja shina kwa ncha ya panga, na utomvu wa njano unatoka taratibu. Mmoja ukiugua, mingine mara nyingi hufuata.

"Niliuona Jumapili. Sijamwambia. Sitaki kumshinda kwa namna hii."

Wanaporudi uani, Bi Adelgunda analitazama lile panga lenye utomvu.

"Ule wa karibu na choo?"

Jovitus analifuta panga kwenye majani.

"Niliuona kabla yako," anasema mama. "Nilitaka nikae kidogo tu."

Anaweka beseni chini, anashika goti, anainuka. Huzuni ya uani hapo haihitaji kuelezwa.

Jovitus anapanga kuipeleka fidla Rubwera mwenyewe ikiwa tayari, na anatumaini mama yake atakuwa na nguvu za kwenda naye akaisikie ikipigwa. Mama hajakataa. Ametoa sharti moja tu.

"Hiyo usiioshe," anamwambia. "Mvua ikinyesha, acha waisikie harufu. Wajue tulikuwa na migomba."