Risasi ya Semboja

Ernesti alikuwa askari wa wanyamapori wilayani Handeni, na kwa miaka kumi na moja hapakuwa na mtu aliyeingia naye porini. Hakukatazwa na yeyote. Akipewa mwenzake wa kazi, alimwacha kwenye gari. "Kaa hapa," alimwambia. "Wawili ni kelele." Kisha alitundika begani ile bunduki kubwa, ya 458, akajipenyeza vichakani peke yake mpaka majani yakamfunika.

Wanakijiji walimwita Bwana Nyama. Nyati akivamia mahindi walimpigia simu bila kuchoka. Nyati akishaanguka walimzunguka mnyama kwa visu na mabeseni, na Bwana Nyama akasahaulika pale kando akifuta mtutu. Hakuwalaumu. Alipanda gari akarudi mjini, kwenye chumba chake kimoja nyuma ya soko, akawasha jiko la mkaa na redio. Kwao ni Kwashemshi, milimani upande wa Korogwe. Mkewe Hosiana amelala huko mwaka wa nne sasa, chini ya migomba. Binti yao Edna yuko Dar es Salaam, na hupiga simu Jumapili, zile Jumapili anazokumbuka.

Mwaka huo ofisi ilipata afisa mpya, dada mmoja anayeitwa Loyce, ambaye umri wake ulitosha kuwa mdogo wake Edna. Asubuhi moja alimwita Ernesti mezani kwake.

"Shikamoo, mzee Ernesti."

"Marahaba, bosi."

"Tumeambiwa safari hii tuagize risasi za aina moja tu. Ama 375, ama 458. Zote ni magnamu, za baruti nyingi, na zote zinaangusha nyati, kwa hiyo mimi nimekwama. Wewe umezitumia zote mbili. Niandikie ushauri."

"458," Ernesti akajibu hata kabla hajaketi. "Hapo hapana la kujadili. Semboja alikwenda na 375. Si unajua yaliyompata?"

Loyce alijua. Handeni nzima ilijua. Askari Semboja aliuawa na nyati upande wa Kwamsisi, na tangu siku hiyo ilisemwa ofisini, sokoni na misikitini kwamba bunduki yake ndogo ndiyo iliyomponza. Bunduki za 375 zikafungiwa stoo. Kila askari akapewa 458, akitaka asitake.

"Nimesoma jalada lake," Loyce akasema. "Lina kurasa mbili. Halisemi risasi yake ilipiga wapi." Akalisukuma jalada kando. "Kesho twende tukapige shabaha, mzee. Nizione zote mbili zikifanya kazi, ndipo uandike."

Usiku ule Ernesti hakupata usingizi wa maana. Risasi zenyewe alizifahamu kama vidole vyake. Ile ya 458 ni nene, nzito, na ikimpata nyati karibu humtikisa kama amegongwa na gari. Lakini haina mbio, na ukiipeleka mbali huanza kushuka. Ya 375 ni nyembamba kidogo, ina kasi, hunyooka, huzama ndani ya nyama mpaka unashangaa. Kisha kuna teke la bunduki begani. Bunduki zote mbili hupiga teke, ila ya 375 hukusukuma, na ya 458 hukuadhibu. Mtu anaweza kuzoea kusukumwa. Kuadhibiwa mwili hauzoei. Mwili hujifunza kuogopa, na hauombi ruhusa ya mwenye mwili. Hilo la mwisho hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Hosiana.

Walikwenda kwenye shimo la kifusi nje ya mji, mahali pasipopita watu. Loyce alibandika karatasi kwenye ukingo, wakahesabu hatua hamsini kurudi nyuma. "Mimi nitakujazia," akasema, na Ernesti hakuona ubaya.

Alianza na 458. Ya kwanza ilikwenda chini kushoto. Ya pili haikugusa karatasi kabisa, iliinua vumbi mbele yake. "Upepo," Ernesti akasema, ingawa majani yalikuwa yametulia tuli.  Loyce akamgeuzia mgongo, akajaza tena, akamkabidhi bunduki.

Ernesti akalenga, akavuta pumzi, akafyatua.

Ikalia *tak*. Hapakuwa na mlipuko, kwa maana Loyce alikuwa ameweka risasi ya mazoezi, isiyo na baruti. Na katika kimya kile wote wawili waliona: bega la Ernesti liliruka mbele, macho yakafumba kwa nguvu, na mtutu ukainama ghafla kuelekea ardhini. Bunduki haikufanya lolote. Ni yeye.

Alibaki ameishika hivyo hivyo. 

"Samahani, mzee," Loyce akasema polepole. "Chuoni ndivyo tulivyopimwa. Nami niliwahi kuinamisha hivyo hivyo." Kisha akamletea 375. "Jaribu hii."

Alipiga mara tatu. Matundu matatu yalikaa pamoja katikati ya karatasi, na kisahani cha chai kingeyafunika yote. Ernesti alikwenda kuyatazama, akayagusa kwa kidole kimoja kimoja, akaketi juu ya jiwe.

"Tangu lini?" Loyce akauliza.

"Tangu kabla ya Semboja. Ndiyo maana huingia peke yangu, na sifyatui mpaka nimkaribie mnyama kabisa."

Pale juu ya jiwe, kwa mara ya kwanza, akasimulia.

Walikuwa wawili, yeye na Semboja, na walikuwa wameshibana kama chanda na pete. Ernesti alikuwa mkubwa kikazi, kwa hiyo bunduki kubwa ilikuwa yake. Alikuwa ameshaanza kuiogopa, lakini kubadilishana na mdogo wake wa kazi aliona ni aibu. Nyati dume alisimama ubavu wazi pembeni mwa mahindi, hatua hamsini hivi, mahali ambapo hata mwanafunzi hakosi. Ernesti alifyatua akiwa amefumba macho. Nyati akajikunja, akaingia kichakani. Walipofika kwenye damu, Semboja aliinama, akachukua tone kwa ncha ya jani, akanusa. Ndani ya damu mlikuwa na majani yaliyosagwa.

"Umempiga tumbo, kaka," alisema. Hakusema kwa lawama. Akatangulia mbele, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya Ernesti katika kufuata nyayo.

Walifuata karibu saa nzima. Nyati aliyejeruhiwa tumbo hafi upesi. Hujaa hasira na kurudi nyuma kuvizia. Alitoka ubavuni, kutoka kwenye kichaka ambacho mtu angeapa hakifichi hata mbuzi. Semboja aligeuka, akapiga mara moja. Ernesti naye alipiga, na risasi yake ikakata matawi juu. Nyati alimfikia Semboja, akamwinua, akamtupa, akaenda hatua sita, akaanguka mwenyewe, akafa.

"Kesho yake mimi ndiye niliyempasua yule mnyama," Ernesti akasema. "Risasi ya Semboja niliikuta kwenye moyo. Katikati ya moyo, bosi. Nyati yule alikuwa maiti inayotembea alipomfikia. Yangu niliikuta kwenye mavi."

"Na ofisini ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilipofika walikuwa wameshasema wenyewe: kabunduki kadogo. Nikanyamaza. Siku ya kwanza kunyamaza kulinikwama kama mfupa kooni. Baadaye nikazoea."

Loyce alikusanya maganda ya risasi moja moja akiyatia mfukoni. Mwishowe akasema, "Ushauri ninaouhitaji ni wa risasi tu. Ukiandika 375 na sababu zake, inatosha. Hayo mengine ni yako."

Ernesti alitikisa kichwa. Alijua haitoshi, na alijua ni nani anayepaswa kusikia kabla ya karatasi yoyote.

Jumamosi alipanda basi la Korogwe, akashuka stendi, akatembea kwa miguu hadi mtaa wa Masuguru. Zamda, mjane wa Semboja, alikuwa akishona sare za shule barazani kwake. Miaka yote hiyo Ernesti hakukosa kumtembelea: baada ya mavuno alimletea mahindi, na kila Idi alialikwa kula, akaketishwa kwenye kiti kile kile ambacho zamani kilikuwa cha Semboja.

"Karibu shemeji! Mbona leo hukupiga simu?" Zamda akainuka kutafuta kiti.

"Usiniletee kiti, shemeji. Nina neno, na nataka niliseme nimesimama."

Alilisema lote. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye moyo wa nyati, mkono wa Zamda ulishika gurudumu la cherehani likasimama.

"Alipiga moyo?"

"Katikati."

"Rudia."

"Semboja alipiga moyo, shemeji. Mimi ndiye niliyepiga tumbo."

Zamda alikitazama kitambaa cha bluu kilichokuwa chini ya sindano. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimwumiza Ernesti kuliko kelele.

"Mama mkwe wangu amekufa akiamini mwanawe alikuwa mzembe. Kwamba alichagua bunduki ndogo kwa uvivu wa kubeba kubwa. Alikuwa akisema hivyo mbele za watu, nami nainamisha kichwa. Miaka kumi na moja nimeinamisha kichwa. Na wewe ulikuwa unaketi hapa unakula wali wangu, unasema, 'Mungu amlaze pema.'"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanihurumia?"

"Nilikuwa ninaogopa."

"Afadhali ungenyamaza mpaka mwisho," Zamda akasema, kisha papo hapo akakanusha: "Hapana. Si afadhali." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Utakwenda kwao. Ndugu zake wapo, wale waliomsema. Jumapili ijayo wana hitima ya mama yao. Utasimama pale useme kama ulivyosema hapa. Nitakuwepo nisikie. Baada ya hapo, Ernesti, sitaki tena mahindi yako."

Hakumwita shemeji. Ernesti aliaga, na cherehani ikaanza kulia tena.

Jumapili iliyofuata alichukua bodaboda kutoka Handeni hadi kijijini kwa kina Semboja. Kisomo kilipokwisha, kabla sinia hazijaletwa, aliomba ruhusa ya kusema. Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mikeka, wanawake upande wa jikoni, na Zamda amesimama mlangoni. Ernesti alisema kwa maneno machache kuliko aliyotumia Masuguru. 

Kaka mkubwa wa Semboja, mzee mwenye kofia ya kufuma, alimtazama muda mrefu. "Tumekusikia," akasema. Kisha akaangalia ndugu zake. "Na sisi tumejisikia. Mama alikufa na neno letu, si neno lake huyu peke yake." Akanyoosha mkono kuelekea jikoni, sinia zikaletwa. "Kula."

Alipewa sinia yake. Walio karibu walijisogeza kidogo kidogo, bila kelele, kama watu wanaokwepa jua, mpaka akabaki peke yake kwenye kona ya mkeka. Alikula matonge matatu kwa adabu. Alipoinua macho Zamda alikuwa katikati ya wanawake, na bibi mmoja mzee sana alikuwa ameshika kichwa cha Zamda kwa mikono miwili, akikiinua.

Jumatatu aliandika ushauri wake. Aliandika kwamba ofisi iagize 375, kwa kuwa risasi ndogo iliyofika moyoni ni bora kuliko kubwa iliyopigwa na mtu anayeiogopa. Na chini yake akaandika habari za Semboja zote, akatia sahihi. Loyce aliisoma karatasi hiyo mara mbili.

"Hii ikipanda juu, mzee, watakunyang'anya silaha."

"Ipande."

Ikapanda. Silaha akanyang'anywa, akawekwa mapokezi na stoo kungoja mwaka wake wa kustaafu. Jalada la Semboja likaongezwa ukurasa wa tatu. Risasi za 375 zilipofika, Ernesti ndiye aliyezipokea, akazipanga rafu kwa rafu, na mlango wa stoo akaufunga mwenyewe. Edna alipopiga simu alimweleza yote. Binti akasema, "Pole, baba," kisha mtandao ukakatika, au akakata; hakujua.

Idi ikaja ikapita. Hakwenda Korogwe. Siku hiyo alipanda Kwashemshi, akapalilia migomba juu ya Hosiana mpaka kiuno kikakataa, akashuka na gari la jioni.

Baada ya mvua za vuli, nyati waliingia tena mashambani upande wa Kwamsisi. Loyce alikwenda na askari mpya, Elisha, mmoja mbele na mwingine nyuma, wala hapakuwa na aliyebakishwa garini. Ernesti alishinda stoo akisikiliza simu isiyolia. Alasiri gari likaingia uani. Elisha alishuka amejaa vumbi na miiba, akaja moja kwa moja dirishani kurudisha risasi zilizobaki.

"Shikamoo mzee. Nimepiga moja tu. Nyati alikwenda kidogo, akalala."

"Marahaba. Ulikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mti."

"Na upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Elisha alifungua mdomo kujibu, akasita. Hakuwa na hakika. Ernesti alizihesabu risasi, akaandika daftarini, kisha akafungua mlango wa stoo na kusogeza kreti tupu la soda.

"Kaa," akasema. "Anza tangu mliposhuka kwenye gari."