Wino Wangu, Jina la Wafula

Juzi nimekaa kitandani kwenye kempu ya wafanyakazi, huku mtaa wa Muaither, Ghuba, na jamaa wa kitanda cha juu akaniteremshia simu. "Mzee, si huyu ni Wafula wako?"

Ni yeye! Yuko jukwaani Nairobi, amepiga suti, kitabu mkononi, anaeleza watu vile alivyopaka wino katuni za mwisho za mchoraji mkubwa Mwingereza. Watu wanasimama kumpigia makofi. Wafula! Mtu hawezi kuchora hata kuku!

Ile kazi ni yangu. Na jina lake nililitoa mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Hapo ndipo naumia.

Mimi ni gadi, niliachia darasa la saba. Nilikuwa nalinda geti la kompaundi moja Al Wukair. Ndani aliishi mzee Mwingereza, Mista Desi, aliyekuja kukaa na binti yake mwalimu. Maisha yake yote ni kuchora vitabu vya katuni. Alianza kijana, akipaka wino juu ya penseli za wachoraji wakubwa wa kwao, na jina lake halikuandikwa popote. Akapambana mpaka watoto wa Uingereza wakamjua. Uzeeni mkono ukaanza kutetemeka. Penseli aliiweza, wino ukamshinda.

Siku moja akaona nimechora uso wa dereva wa lori la maji kwenye kipande cha boksi. Akaniambia, "Sadiki, njoo." Ofu zangu zote, zile siku za mapumziko, zikawa kwake. Alinifundisha kushika pumzi hadi mstari uishe. Kitabu kizima nikapaka mimi!

Kilipoisha akauliza, "Jina lako kamili? Nataka liwe kando ya langu. Mimi walinificha, wewe sitakuficha."

Ai, woga ukanishika! Nikamuuliza msimamizi wetu, Barasa, Mkenya mwenzetu. Akacheka. "Andikisha tu. Gadi mwenye kazi ya pembeni tunampeleka epoti na sanduku lake."

Wafula tulilala naye chumba kimoja, na alikuwa ameshafunga mabegi kurudi nyumbani kabisa. Akasema, "Weka langu, braza. Mimi watanifanya nini? Nitakutunzia."

Nitakutunzia! Nikaenda nikamdanganya yule mzee macho kwa macho, eti Wafula ndilo jina la pasipoti, kwenye beji kampuni walikosea.

Mista Desi amekufa akiniita Wafula. Nikimwendea binti yake leo, ataniona tapeli.

Ndugu zangu mlio Ghuba, ukiulizwa jina lako, sema lako, hata kama ndege inakungoja! Mimi niliokoa kazi ya geti. Ona sasa.

Barasa, wewe unajua ukweli wote. Mbona kimya?

Na wewe Wafula, simu zangu umezifungia, basi nakuuliza mbele ya watu. Chukua brashi hapo jukwaani, wanaokushangilia wakiangalia, upake ukurasa mmoja. Mmoja tu! Ukishindwa, waambie ni nani aliyekipaka kile kitabu.