Mlango wa Mninga Uliopelekwa Pwani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Manyoni sikugusa msumeno wala randa. Nilifika asubuhi, kijana wa Kinyaturu kutoka upande wa Ikungi, na Fundi Mkuu akaniuliza ninajua nini. Nikamwambia ninajua kuchonga mizinga ya nyuki. Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga wa makamo, mwenye ndevu za kijivu na kalamu ya risasi iliyokaa muda wote kwenye kilemba chake. Akanipeleka nyuma ya jengo, kwenye rundo la mbao za mninga zilizotoka Itigi kwa garimoshi, akasema nizipange.

Nilizipanga kwa bidii. Hadi adhuhuri zilikuwa zimeshikana kama ukuta, nami nikasimama kando nikisubiri sifa. Fundi Mkuu akaja, akaangalia, akaniamuru nizibomoe zote. Kisha akanionyesha: kati ya ubao na ubao unaweka vijiti vyenye unene mmoja, hewa ipite pande zote, na ncha za mbao unazipaka lami zisipasuke. Ubao unaokauka upande mmoja hupinda, akasema, na mlango wa ubao uliopinda haufungi hata uuombe radhi.

Kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kupanga mbao. Vijana wa siku hizi mnanunua mbao dukani asubuhi, na jioni mnatundika mlango. Siwalaumu, ndivyo wakati ulivyo. Lakini mimi nilijifunza kuujua mninga kwa mkono kabla ya kuukata, na jambo hilo lilinifaa maisha yangu yote.

Baadaye nilipewa randa, kisha patasi. Nikafundishwa kuunga mbao kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja inachongwa iingie barabara katika shimo la mwenzake bila msumari. Nikajifunza kusimamisha miimo, ile miti miwili ya kando inayobeba mlango, kwa kutumia timazi, ambayo ni kamba yenye risasi nzito chini inayokuonyesha wima ulivyo. Baada ya miaka saba nilikuwa fundi wa daraja la pili. Wenzangu walijua kwamba mlango uliotoka mikononi mwangu unafungwa kwa kidole. Nilijua hivyo mimi pia, na sikulificha.

Mmoja wa milango hiyo ulikuwa wa gereji ya Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyesimamia wilaya. Akaupenda sana. Alipohamishiwa Dar es Salaam kwenye cheo kikubwa, alipewa nyumba karibu na bahari, na gereji ya nyumba hiyo ilikuwa na mlango wa mabati ulioliwa na kutu hadi ukatoboka. Akaandika barua kwa Bwana Injinia, mkuu wetu wa kazi, akiomba atengenezewe mlango mpya wa mninga kama ule wa Manyoni. Kibali kikapatikana.

Bwana Injinia alituita mimi na Fundi Mkuu ofisini. Mezani aliweka kitabu cha picha kutoka Ulaya. Kulikuwa na mlango wa chuma unaojikunja juu kama mkeka, na mlango wa vipande vinne unaojikunja kama rula ya kukunja ya fundi, na wa mbawa mbili unaofunguka kwenda nje. Yeye alivutwa na ule wa chuma. Fundi Mkuu akamwambia kwa upole kwamba hewa ya chumvi ingeula kama ilivyoula ule wa mabati. Nikaulizwa na mimi. Nikasema mbawa mbili, mninga mtupu, unene wa inchi mbili, bawaba za shaba na skrubu za shaba, kwa sababu shaba haiogopi chumvi. Nikasema pia tuache nafasi kidogo pembeni, maana mbao zilizokauka Manyoni zikifika kwenye unyevu wa pwani zitavimba.

Bwana Injinia akakifunga kitabu. "Basi utakwenda kuufunga wewe mwenyewe," akasema. "Ukifanya vizuri, Sungi, nitakuombea daraja la kwanza."

Daraja la kwanza halikuwa jambo dogo. Katika karakana ile hakuna Mwafrika aliyewahi kulipata. Nilitoka ofisini nikitembea kama mtu aliyeinuliwa.

Tulifanya kazi ile wiki tano. Kila ubao niliuchagua mwenyewe. Mwishowe tukauvunja mlango vipande vipande, tukaviandika namba kwa chaki, tukavifunga kwa magunia na kuvipakia kwenye behewa. Nami nikapanda garimoshi hilo hilo.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima kidogo kinachotazama bahari. Nilikaa katika chumba cha dereva wa Bwana Shauri, mzee wa Kizaramo aliyeitwa Mzee Shomari. Alinipokea vizuri, akanicheka kidogo kwa Kiswahili changu cha bara, akanipa godoro lake la pili. Kwa siku tatu, tukisaidiana na vibarua wanne, niliunganisha mlango, nikasimamisha miimo kwa timazi, nikatundika mbawa. Kila ubawa ulibebwa na watu wanne. Ulipokamilika, mninga ule mwekundu, uliopakwa mafuta ya kitani, ulimetameta juani hadi wapita njia wakasimama. Bwana Shauri akaufungua na kuufunga mara mbili. Hewa ilikuwa imetulia siku hiyo. Akasema hajaona mlango kama ule pwani nzima, na kwamba ataandika barua kwa Bwana Injinia.

Treni yangu ilikuwa kesho yake mchana. Asubuhi nilikuwa nafunga vifaa vyangu niliposikia kishindo. Nikatoka nje. Upepo wa baharini ulikuwa umeanza kuvuma, na Mzee Shomari alikuwa akifungua mlango ili atoe motokaa. Ubawa mmoja alikwisha kuufungua na kuuzuia kwa jiwe. Ule wa pili upepo uliushika ukiwa nusu, ukamvuta, akaburutwa nao hadi ukagonga ukuta. Alipourudisha kuuweka sawa, ule wa kwanza ukasukuma jiwe na kujifunga. Akaanza tena. Niliona kwamba mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua.

Bwana Shauri alikuwa amesimama barazani na saa mkononi. Hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba sasa atachelewa ofisini, na kwamba kama kazi imekuwa nzito kwake, aseme, atafutwe dereva mwingine mwenye nguvu. Mzee Shomari akajibu, "Ndiyo Bwana," akaingia garini.

Aliporudi kutoka mjini nilimfuata. Nikamwamkia tena, ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nikamuuliza juu ya mkono. Akaniambia bega lilivunjika vitani Burma, alikokuwa dereva wa malori, na halikuungana vizuri. Usukani anaumudu. Mlango wa zamani, pamoja na kutu yake, ulikuwa mwepesi.

"Mbona hukuniambia nilipokuwa naujenga?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza, mwanangu," akasema. "Nami nikaona umeupenda sana. Mlango mzuri. Umenishinda tu."

Nilikaa kitandani nikiangalia sanduku langu lililofungwa. Ukweli ni kwamba ningeweza kuondoka. Mlango haukuwa na kasoro ambayo mkubwa yeyote angeiona. Barua ya sifa ingenifuata Manyoni, na daraja la kwanza nyuma yake. Nilifikiri pia kwamba mzee yule angetafutiwa kazi nyingine, na nikijiambia hivyo nilijua ninajidanganya, kwa sababu nani angempa kazi dereva mwenye bega bovu aliyefukuzwa? Mimi nilipima upana wa mlango na urefu wake, nikapima unene wa mbao na hata unyevu wa hewa. Mtu wa kuufungua kila siku sikumpima.

Saa ya treni ikapita. Jioni Bwana Shauri aliporudi nilimsubiri barazani, kofia mkononi. Nikamwambia mlango haufai na ninaomba siku sita niurekebishe.

Akashangaa. "Mlango hauna kosa," akasema. "Dereva ndiye aliyezeeka."

"Kosa liko kwenye mlango, Bwana," nikamwambia. "Huku kuna upepo ambao kwetu haupo, na mlango wangu umeukinga wote. Hata kijana utakayemwajiri, upepo ukizidi, utamburuta. Mimi ndiye niliyeuchagua, si yeye."

Akageuka kuutazama mlango. Kisha akasema, bila hasira, kwamba niliomba mwenyewe, kwa hiyo ananipa siku hizo sita, lakini barua ya sifa asingeiandika kabla ya kuona nimefanya nini. Simu ya maandishi ilipelekwa Manyoni kueleza kuchelewa kwangu. Jibu la Bwana Injinia lilifika kesho yake: nirudi mara moja. Nililisoma mara mbili, nikalitia mfukoni, nikaendelea kufanya kazi.

Nilizishusha mbawa zote mbili. Nusu ya juu ya kila moja nikaikata, na hapo, nawaambieni, niliona uchungu, maana ulikuwa mninga safi usio na hata fundo moja. Mahali pake nikatia vibao vyembamba vilivyolala mshazari, mvua isiingie na upepo upite. Uzito ukapungua karibu nusu. Kisha nikaacha kabisa habari ya bawaba. Juu ya kizingiti nikafunga boriti ya mvule yenye utepe wa shaba juu yake, na mbawa nikazining'iniza kwa magurudumu madogo, ziteleze kando ya ukuta, moja kushoto na moja kulia. Mlango unaoteleza upepo hauna pa kuushikia. Magurudumu ya chuma yangeoza, kwa hiyo nilikwenda mjini kwa mkerezaji mmoja, fundi wa kuchonga miguu ya vitanda kwa mashine, nikamwomba anikerezee manane ya mpingo. Aliniuliza kama nina wazimu. Akayakereza vizuri hata hivyo.

Kila hatua nilimwita Mzee Shomari. Nilimwomba avute kwa mkono wa kushoto, kisha kwa ule wa kulia bila kuuinua. Mara ya kwanza akasema bado pazito. Nikapaka nta ya nyuki kwenye mihimili ya magurudumu. Mara ya tatu ubawa ulikwenda wenyewe hadi mwisho, naye akabaki ameunyoosha mkono hewani. Akaurudisha. Akaufungua tena. Aliufungua na kuufunga mara nyingi, na mimi nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Bwana Shauri aliutazama siku ya sita, upepo ukivuma. Akasema ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi kwa macho. Nilikubaliana naye. Kisha akamwambia Mzee Shomari atoe gari, na gari likatoka kabla Bwana hajamaliza kuvaa kofia.

Manyoni nilipokelewa kwa karipio. Bwana Injinia alisema fundi asiyetii amri ya kurudi hawezi kuongoza wengine, na jina langu likaondolewa kwenye orodha ya daraja. Sikubisha. Barua ya sifa ya Bwana Shauri ilikuja baada ya mwezi, ikaingia katika faili, ikalala humo. Aliyesema neno lililonituliza ni Fundi Mkuu. Aliniomba nimchoree mlango ule kwenye karatasi, na magurudumu yake. Akaitazama michoro kwa muda mrefu, akaibandika ukutani mahali ambapo mafundi wote waliingilia. "Kazi hii singeiwaza mimi," akasema. Tangu siku ya mbao, hakuwahi kuniambia maneno kama hayo.

Daraja la kwanza nililipata miaka minne baadaye, Bwana Injinia mwingine alipokuja. Nikahamishiwa Singida mjini, kisha Kiomboi, kisha Singida tena. Nimefunga milango ya hospitali, ya shule, ya maghala ya nafaka, ya gereji nisizokumbuka idadi. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza nilikuwa nikiuliza nani ataufungua, mara ngapi kwa siku, na akiwa amebeba nini. Wauguzi wa Kiomboi waliniambia wao hufungua kwa mgongo, kwa sababu mikono imeshika machela. Hilo lisingepatikana katika kitabu chochote cha picha. Bendera ilipobadilishwa na Waingereza wakaondoka, nilikuwa fundi mkuu, na karakana ilikuwa chini yangu. Niliiongoza hadi nywele zikawa nyeupe.

Mnaniuliza kama ninajutia miaka minne ile. Siijutii. Ningeijutia ile treni kama ningeipanda.

Nilipostaafu nilipewa hotuba na saa ya ukutani. Kesho yake niliamka mapema kwa mazoea, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikazunguka mji wa Singida nikiifungua na kuifunga milango yangu. Watu waliniacha, walinifahamu. Mingi ilikuwa mizima. Miwili ilikuwa imelegea, nikaona aibu. Na kwenye ghala moja karibu na soko nilikuta wangu umeondolewa kabisa, umewekwa mwingine, wa chuma na mbao pamoja. Niliukaribia nikiwa na hasira kidogo. Nikaushika, nikauvuta. Uliteleza kwa kidole kimoja, kimya, ukasimama mahali pake. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikauliza ni nani aliyeutengeneza, wakaniambia jina la fundi mmoja kijana wa pale mjini, ambaye sikumfundisha wala sikumjua. Nikamtafuta hadi nikampata kibandani kwake, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, nikampa mkono.