Neno Nililompa Golikipa wa Burundi

Siku ya pili ya Idi, vijana wa ng'ambo, Wakristo watupu, walivuka kutoka Burundi kuja kucheza mpira na sisi wa madrasa, huku Mabawe, upande wetu wa mpaka. Mwaka uliopita tulicheza kwao, ukazuka ugomvi, wakabaki na mpira wetu. Kapteni wetu alikuwa amepanga kuuzuia wa kwao. Mimi sikuambiwa. Watu husahau kwamba nipo.

Nilikuwa bombani nachota maji ya wachezaji, golikipa wao akanifuata. Alisema Kirundi, nikamjibu Kihangaza chetu, tukaelewana vizuri.

"Kaka, tuko salama hapa? Wenzangu wanataka kurudi."

Wageni huwa siwaongeleshi. Lakini niliona anaogopa kweli, nikaiambia ndoo, "Chezeni tu. Hamtaguswa, wala vitu vyenu."

Walitufunga. Filimbi ilipolia, kapteni akaukalia mpira wao. "Huu unalala hapa mpaka wetu urudi."

Golikipa akaninyooshea kidole. "Huyu alituahidi."

Uwanja mzima ukanigeukia, pamoja na majirani zetu Wakatoliki waliokuja kutazama. Masikio yangu yakawaka moto.

"Huyu?" kapteni akacheka. "Huyu hata shikamoo anainong'ona."

Ustadhi wetu akaja taratibu, ameinua kanzu isiburute vumbini. Siku hizo alikuwa akitufundisha sheria ya Kiislamu juu ya mambo ya nchi na nchi: mikataba, wajumbe, na mgeni anayetoka upande msioelewana nao.

"Kapteni, mgeni wa namna hiyo akipewa usalama na Mwislamu mmoja, ni akina nani wanaofungwa na neno hilo?"

Kapteni alilijua jibu. Ndiye aliyelitoa darasani. "Wote, ustadhi."

"Hata aliyelitoa akiwa mnyonge?"

"Hata mnyonge. Lakini ustadhi, huu si mpira tu?"

"Na mali yake imo katika usalama huo." Akanigeukia. "Ulisema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema, mwanangu. Wasipokusikia, wageni wako wataondoka mikono mitupu."

Nikavuta pumzi. "Nilisema!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mbuzi aliyefungwa nyuma ya goli akaruka. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kichwa chepesi kama nimeshinda bembeani.

Kapteni akainuka, akaupangusa mpira kwa jezi yake, akamkabidhi golikipa. Kisha akaninong'oneza, "Haya, serikali, neno lako limepita. Kesho utatuvunjia na timu?"

Golikipa akaukumbatia mpira. "Na wenu upo nyumbani kwetu. Aje mtu mmoja auchukue. Hataguswa, nasema mimi."

"Aende nani?" kapteni akauliza, akijifanya kutafuta kundini.

Wote wakanitazama tena. Nikainama kukaza viatu, nikicheka mpaka kamba nikazifunga vibaya.