Kiondo Kilichozunguka Kisiwa

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Ndila huingiza mkono kwenye gunia la ndengu lililo nyuma ya mlango, huchota konzi moja na kuimimina katika kiondo kinachoning'inia kwenye msumari. Hufanya hivyo hata siku ambazo gunia limelegea, na msimu ule mvua ilipokataa kabisa alichota punje chache tu kwa ncha za vidole. Kiondo kikijaa, hakikai. Mgeni wa kwanza kubisha hodi, awe jirani aliyekuja kuazima jembe au katekista aliyekuja kuulizia mchango wa kanisa, huondoka na ndengu. Pale kijijini, mwendo mfupi kutoka soko la Masii, watu wamezoea. "Ukienda kwa Ndila, beba mfuko," huambiana na kucheka.

Wasichojua wengi wao ni kwamba kiondo hicho kimewahi kupanda ndege. Kimezungushwa Unguja siku nzima katika gari la watalii, kikaona milango ya nakshi mjini pamoja na kima wa msituni, halafu kikarudi Masii kikiwa kitupu vilevile.

Ndila alikuwa na kaka mmoja tu, Bartholomew, fundi mwashi. Akiwa bado kijana, kaka huyo alifuata kazi ya ujenzi Mombasa, kutoka huko akavuka hadi Unguja, akaoa, akasilimu, akaitwa Ahmad. Habari zilipomfikia baba yao, Mzee Kitonga, ambaye kiti chake kanisani kilikuwa cha mbele na hakuna aliyethubutu kukikalia, hakupiga kelele. Alinyamaza, na nyumba nzima ikaogopa kunyamaza kwake.

Mwaka mmoja Bartholomew alikuja nyumbani kusalimia. Alibeba kikapu cha ukili kimejaa karafuu, halua na kanga za mama yao. Ndila ndiye aliyekipokea na kutoa vitu vyote vilivyomo, jikoni. Sasa, kwa Wakamba, chombo kilicholeta kitu hakirudishwi kitupu. Hata kama nyumbani hamna chochote, utatafuta hindi moja ulitupie ndani, ili mwenye chombo asitoke kwako kama mtu aliyefukuzwa. Ndila alikuwa ameshainama kando ya gunia la ndengu, kikapu mkononi, baba yake aliposema kutoka uani, bila hata kugeuza kichwa, "Kiache hivyo hivyo."

Akakiacha. Alikuwa mtu mzima tayari, mke wa mtu na mama wa mtoto, angeweza kujifanya hakusikia. Alimpelekea kaka yake kikapu hadi langoni, kikining'inia kwenye vidole vyake bila uzito wowote. Bartholomew alichungulia ndani, akatabasamu kidogo.

"Afadhali," alisema. "Kitakuwa chepesi njiani."

Hakurudi tena.

Wazazi walikufa, mume wa Ndila naye akafa, nywele zake zikageuka mvi, na kikapu kile hakikumtoka akilini. Kwa hiyo siku mwanawe Mutinda, anayefanya kazi Nairobi na kuishi Syokimau, alipokuja na kumkuta akipepeta ndengu za mavuno mapya, na kumwambia kuwa anampeleka kutembea, Ndila hakusikia neno kutembea; alilosikia mwishowe ni jina la mahali tu.

"Kampuni inatupeleka semina, Mwaitu," Mutinda alimwambia mama yake. "Nimekulipia nauli twende pamoja. Siku ya mwisho, mimi nikiwa mkutanoni, utakuwa na gari lako mwenyewe na kijana wa kukuonyesha kisiwa. Wewe tu, hakuna mtu mwingine. Utazunguka kama mzungu."

"Kisiwa gani?"

"Unguja."

Ungo ulisimama. "Unguja ya mjomba wako?"

"Kwani ziko ngapi, Mwaitu?"

Jioni hiyo hiyo Mutinda alimpigia simu Maryam, binti wa Bartholomew. Jibu lilirudi upesi: mzee amesema siku hiyo hatatoka barazani, na pilau itapikwa.

Ndila alisuka kiondo kipya cha mkonge, chenye mistari ya zambarau na ya rangi ya udongo. Aliketi juani akichagua ndengu punje kwa punje, akitupa iliyotobolewa, iliyosinyaa na hata iliyo ndogo kuliko wenzake, mpaka kiondo kikajaa ndengu ambazo hata yeye mwenyewe hajawahi kuzila zikiwa safi namna ile. Alikishona mdomo kwa uzi. Njiani hakukubali Mutinda akibebe.

Walipotua, afisa wa ukaguzi alikiweka juu ya meza na kuomba ruhusa ya kukata uzi.

"Mama, hizi ni mbegu. Haziingii bila cheti."

"Si mbegu, ni chakula. Ni ya kaka yangu."

"Choroko hizi zikipandwa hazitaota?" afisa aliuliza, akiziita ndengu kwa jina la kwao.

Ndila angeweza kudanganya kuhusu mambo mengi, lakini si kuhusu shamba lake. "Zitaota zote," alisema.

Afisa alicheka, akamwomba radhi kwa heshima zote, akamimina ndengu kwenye pipa la plastiki. Kisha akamrudishia kiondo kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Ni ndengu tu, Mwaitu," Mutinda alimnong'oneza. "Tutanunua kitu."

Siku ya matembezi ilipofika, kijana mwembamba mwenye kofia ya kiua alikuwa akingoja nje ya hoteli, mlango wa gari ukiwa wazi. Jina lake Ramzi.

"Shikamoo, bibi. Leo kisiwa chote ni chako."

"Marahaba. Nitakiweka wapi?"

Ramzi akacheka, akajua siku haitakuwa ndefu. "Bwana Mutinda kanambia una kaka yako Fuoni. Tuanzie huko, ama tumalizie?"

Ndila alikuwa amepakata kiondo mapajani. Usiku uliotangulia alikuwa ameota kaka yake akikichungulia. "Tumalizie," alisema.

Wakaanza na Mji Mkongwe. Ramzi alimwonyesha milango yenye njumu za shaba, akamweleza habari za matajiri waliokuwa wakiishi nyuma yake, na Ndila akauliza nani alikuwa akizipangusa hizo shaba. Katika kichochoro kimoja alichoka, akaegemea ukuta.

"Hii ukuta inatengenezwaje mpaka inakuwa baridi hivi?"

"Mawe na chokaa, bibi. Kuta hizi zinakarabatiwa na waashi wa zamani, wamebaki wachache. Huyo kaka yako anafanya kazi gani?"

"Fundi mwashi."

"Basi pengine umeegemea kazi yake."

Ndila aliondoa mkono ukutani haraka, kama aliyeguswa. Mwenye duka la vinyago, aliyekuwa akikitazama kiondo tangu walipotokea, aliuliza kama kinauzwa. "Iko na mwenyewe," Ndila alijibu, akapita.

Kwenye mashamba ya viungo huko Kizimbani, Ramzi alimpa majani ya kunusa akimtaka akisie. Mdalasini aliujua: "Hii ni ya chai." Iliki pia. Yaliyobaki alisema yote ni dawa ya mafua. Walipofika kwenye meza ya kuuzia, Ramzi alikitazama kile kiondo.

"Bibi, kikapu chako kinalia njaa. Tukitie karafuu na iliki, umpelekee kaka yako."

"Karafuu inatoka wapi?"

"Si hapa hapa."

"Na yeye anakaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Sasa mimi nitoke Masii nikuje kumpa mtu vitu ya mlango yake? Si hata yeye alituletea hizo hizo?"

"Basi tutafute kingine. Sukari, kitambaa, saa ya ukutani..."

"Hiyo ni kununua, kijana. Kununua hata mtu hana shamba ananunua."

Ramzi alitikisa kichwa. "Bibi, wewe mgumu, wallahi."

Adhuhuri simu ya Ramzi ililia. Alikuwa Maryam, aliyepewa namba na Mutinda: mzee anauliza wamefika wapi. Ramzi akamtazama Ndila kwenye kioo. "Bado kidogo," alisema Ndila. "Tumalize hii ya kulipiwa kwanza." Ramzi akajibu kwenye simu kwamba wako njiani, ingawa gari lilikuwa likielekea msitu wa Jozani.

Huko Ndila alisimama chini ya mti, akatazama kima wekundu wakirukaruka na kulishana majani.

"Ndio hawa tumekuja kuona?"

"Hawapatikani kwingine duniani, bibi. Watu wanatoka Ulaya kuwaona."

"Wanalipa?"

"Wanalipa vizuri."

"Kwetu kuna ndugu zao. Wanamaliza mahindi yako, halafu wanakaa juu ya mti wanakuangalia vile unalia. Waambie watu wa Ulaya wakuje Masii, wale wetu nitawapea bure, wabebe."

Ramzi alicheka mpaka akashika mti. Ndila naye alicheka, na kwa muda mfupi akasahau. Kisha akataka kuhamisha kiondo kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kama mtu anavyofanya akichoka kubeba, na mkono ukapanda juu wenyewe kwa kukosa uzito.

Walirudi mjini kwa barabara inayopita Fuoni. Jua lilikuwa limeshainama, ndege yao ilikuwa ya jioni, lakini muda ulikuwepo. Ramzi alipunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kona.

"Tumefika, bibi. Ni hapo ndani tu."

Ndila alitazama njia ya vumbi jeupe, nyumba za matofali, ua wa makuti, mwanamke akianua nguo. Aliwaza jinsi kaka yake atakavyoinuka barazani na jinsi macho yake yatakavyoshuka kwenye kiondo. Hata kama hayatashuka, yeye mwenyewe atayangoja yashuke. Angekuwa amempa kitupu mara ya pili, na mara hii hakukuwa na baba wa kusingizia.

"Twende uwanja wa ndege."

Ramzi aligeuka kitini. "Bibi, yuko hapo. Anakungoja tangu asubuhi. Hata soda tununue hapo dukani, uingie nayo."

"Nimesema twende, kijana yangu."

Taa ile iliendelea kugonga, tik, tik, tik. Kisha Ramzi akaizima, akaondoa gari, wakaenda uwanjani.

Ni Ndila aliyepiga simu, akasema ndege imesogezwa mbele. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumalizia siku tu.

"Haidhuru," Bartholomew alisema. Sauti yake ilikuwa imezeeka, na Kikamba chake kilikuwa kimeshika lafudhi ya pwani. "Utakuja tena. Wamekuonyesha nini?"

"Tumbili."

Bartholomew akaangua kicheko kilekile cha utotoni, cha kuishiwa pumzi. "Ndila! Umeacha wa Masii ukafuata wa Unguja?" Alicheka mpaka akakohoa, na wote wawili wakaagana wakicheka.

Kwa miezi kadhaa Ndila alifanya mipango. Alikwenda Machakos mjini kuuliza habari za cheti cha ndengu, akaelezwa, akaelewa. Mutinda alikubali kumpeleka tena baada ya mavuno. Alilima kipande kizima kwa ajili ya kiondo kimoja. Alikuwa shambani akingoja mvua za vuli Maryam alipopiga simu asubuhi kwamba mzee hakuamka, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Mvua ilikuja wiki iliyofuata, nzuri kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Ndengu zilizaa mpaka zikalala chini.

Alipozivuna ndipo alipokitundika kiondo kwenye msumari. Kwa muda mrefu alimlaumu afisa wa ukaguzi, halafu baba yake. Siku nyingine alimlaumu hata Ramzi, kwa nini hakukata kona kwa nguvu. Lakini konzi ya asubuhi huchotwa na mtu akiwa peke yake, na ukiwa peke yako ni vigumu kumlaumu mtu asiyekuwepo.

Mwaka huu Maryam alikuja. Mumewe alikuwa na shughuli Nairobi, naye akapanda gari hadi Machakos, kisha Masii, akamalizia kwa bodaboda. Ndila alikuwa akimwagilia sukuma wiki alipomwona mwanamke mwenye mtandio wa buluu akishuka langoni, na kabla hajauliza ni nani, aliona mdomo wa Bartholomew, uleule unaotabasamu upande mmoja. Alitupa ndoo. Alikimbia, yeye mwenye magoti mabovu, akamkumbatia yule binti mpaka mtandio ukaanguka, akamshika uso, akamwachilia, akamshika tena. Akamwingiza ndani, akampa kiti, akaweka chai jikoni huku akizungumza bila kituo.

Maryam alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Shangazi, nisamehe. Naona haya. Nilikuwa na mfuko mzima, halua na karafuu na kanga, nimeusahau kwenye gari la Machakos. Nimeingia nyumbani kwako mikono mitupu."

Ndila aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa kweli, haikuwa na kitu. Naye, mwanamke ambaye maisha yake yote alitazama kwanza mkono wa mgeni, alikuwa hajaona.

Alikaa. Alikaa polepole kwenye gunia la ndengu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Chai ilichemka ikamwagikia moto, hakuna aliyeinuka.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," Maryam alisema baadaye, "kisha sitauliza tena. Siku ile baba alivaa kanzu mpya. Ramzi alikuja kutupa pole ya msiba, akatuambia ukweli. Mlisimama pale kwenye kona. Kwa nini hukuingia, shangazi?"

Ndila alitazama kiondo kwenye msumari, kimejaa hadi mdomoni.

"Sikuwa na kitu cha kumpa," alisema.